Kimeng'enya cha Kukata Vinasaba Kisiondolewe Maabara

Miongoni mwetu tunaofundisha baiolojia ya molekuli hapa Dodoma wapo wanaotaka mazoezi ya vimeng'enya vya kukata vinasaba, yaani protini zinazokata DNA penye mfuatano maalumu, yafutwe, wanafunzi waanze moja kwa moja na CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, na usomaji wa mfuatano wa vinasaba. Hoja yao ina uzito. Vimeng'enya hivi huagizwa nje, hutunzwa katika nyuzi joto 20 chini ya sifuri, na kila kimoja huona eneo lake tu, ilhali usomaji wa mfuatano huonyesha kila herufi ya DNA: A, C, G au T.

Naona, hata hivyo, kwamba wanapima bei na kusahau kinachofunzwa. Tuchukue selimundu. Ndani ya jeni ya beta-globini, sehemu ya hemoglobini ya damu, herufi moja, A, hugeuka kuwa T. Kimeng'enya DdeI hukata penye CTNAG, N ikiwa herufi yoyote. Jeni ya kawaida ina CTGAG, ya selimundu ina CTGTG, na hapo DdeI haikati. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, mtu asiye na jeni ya selimundu huonyesha vipande viwili vifupi pale ambapo mgonjwa ana kimoja kirefu, na mbebaji, mwenye nakala moja ya kila aina, huonyesha vyote vitatu. Mwanafunzi aliyeinama juu ya taa akihesabu mistari hiyo ameiona kwa macho yake herufi moja inayobadili maisha ya mtoto.

Wapinzani hujibu, na wana haki, kwamba kimeng'enya kilichodhoofika hakikati, hivyo mtoto mzima aweza kusomwa kuwa mgonjwa, au mbebaji ikiwa ukataji umeishia njiani. Hatari hiyo ndiyo inayonifanya nilitetee zoezi hili. Huwekwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana, na kipande cha DNA kinachonakiliwa kwa wingi kabla ya kukatwa huchaguliwa kiwe na eneo la pili la DdeI lisilohusika na ugonjwa. Eneo hilo lisipokatwa, jibu lote hutupwa. Mwanafunzi aliyelazimika kutupa kazi yake ya siku nzima kwa sababu hiyo hataiamini mashine yoyote kwa upofu, na hata atakapohariri jeni kwa CRISPR, mara nyingi atathibitisha badiliko kwa kutazama kama eneo la kimeng'enya limepotea.

Na kuhusu ubaridi ambao vimeng'enya huhitaji: umeme ukikatika, vichupa vilivyonunuliwa kwa kiasi cha muhula mmoja, vikawekwa ndani ya kasha lenye barafu katika friza isiyofunguliwa, huvumilia saa kadhaa.