Gari la kilomita laki tatu: kulitengeneza au kuachana nalo?

Gari likishapita kilomita 300,000, kila ukitoka kwa fundi hukosi mtu wa kukuambia uliuze. Hoja yake ni ile ile: matengenezo yanakaribia bei ya gari lenyewe, sasa unatengeneza nini? Hoja hiyo ina sura ya busara, na ndiyo maana huwapotosha wengi.

Bei ya sokoni hukueleza utapata kiasi gani ukiliuza leo. Haikuelezi utatoa kiasi gani kupata jingine la kukufikisha kazini kesho. Chukua gharama ya matengenezo uigawe kwa miezi unayotarajia gari likutumikie bila kulazwa tena, kisha uilinganishe na gharama ya kila mwezi ya gari jingine: mkopo, bima, na kushuka thamani. Hili la mwisho watu hulisahau kwa sababu haliji na risiti ya fundi, ilhali gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi katika miaka yake ya mwanzo.

Isitoshe, gari lako unalijua. Unajua linakula oili kiasi gani na mkanda wa taimingi, ule unaofanya vavu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati, ulibadilishwa lini. La mtumba lina siri za mwenyewe, na pengine analiuza kwa sababu ameshasikia mlio ambao wewe hujausikia. Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 ikafikisha maili milioni 3, yaani zaidi ya kilomita milioni 4.8. Injini ilifanyiwa oveholi njiani. Lakini yeye aliitunza tangu ikiwa mpya. Gari lililoendeshwa miaka kumi bila kumwagwa oili kwa wakati haliwezi kudai mfano huo.

Tena ubovu haulingani. Bushi, shokapu, pedi za breki, wota pampu, hivyo huchakaa kwenye gari lolote, na kuvibadilisha si dalili kwamba gari limekwisha. Mkanda wa taimingi ni kazi ya kawaida ukiuwahi. Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga vavu zikapinda, na hapo mnaanza kuzungumzia kufungua injini. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka maana yake oili inaungua, na kabla ya kuagiza spea yoyote kubwa inafaa kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Injini na gia boksi, hata hivyo, vinabadilishika. Lakini chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ikiliwa na kutu pale saspensheni inaposhikia inaweza kuachia gari likiwa kwenye mwendo. Kwa hilo mimi sioni mjadala: achana nalo.

Kuna hoja moja ya wanaosema uza ambayo naipa uzito kuliko zote, nayo ni usalama. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka ulianza kufungwa kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1995, na Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia matoleo ya 2012. Gari kuukuu laweza kuwa halina mfumo huo, na hakuna fundi atakayekuongezea. Anayebeba watoto kwenye barabara kuu kila siku ana sababu ya kubadilisha gari hata kama injini inanguruma vizuri.

Kinachonisikitisha ni mtu kung'ang'ania gari kwa sababu ameshabadilisha gia boksi mwaka jana. Fedha ile imekwenda, iwe atauza au hatauza. Gia boksi mpya ina maana kwa jambo moja tu, kwamba hiyo haitegemewi kuwa kasoro inayofuata. Basi swali ni kasoro inayofuata itakuwa ipi. Mwambie fundi alipandishe gari juu, agonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma na akuonyeshe kwa macho yako, kabla hujamuuliza bei ya spea hata moja.