Tambi za Pakiti Hazifiki Mtae

Mara ya kwanza kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara, nilibeba tambi za pakiti, biskuti na soda mbili. Nilinunua vyote kwa dakika kumi, usiku wa kuamkia safari, nikajiona mjanja. Kabla hatujautoka msitu wa Magamba magoti yalishaanza kucheza. Zile tambi za asubuhi zilikuwa zimebaki jina. Mwenzangu mmoja, kijana wa Pangani, akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa dagaa wa kukaanga, akanimiminia konzi moja. Niliwala nimesimama, na kilima kilichofuata nilikipanda bila kulalamika.

Tangu hapo nina neno na wenzangu wa Tanga mnaopenda milima. Mnaishi kwenye mji ambao soko lake limejaa chakula cha safari, halafu mnakwenda kukitafuta supermaketi.

Tuna hata neno lake: masurufu. Wazee waliosafiri kwa majahazi hawakuwa na friji wala jiko la gesi. Walitaka kitu chepesi kubeba, kisichooza, kinachoshika tumbo. Mwenye begi mgongoni anataka kingine kipi? Tofauti ni kwamba masurufu hayanunuliwi usiku wa kuamkia safari. Huanza wiki nzima kabla, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa uvivu tu.

Chukua ulezi. Mimi hutengeneza kimea chake nyumbani. Nausafisha, naulowesha usiku kucha, asubuhi namwaga maji na kuufunika kwa gunia bichi, nikiurashia maji kila ninapokumbuka. Siku ya pili au ya tatu unatoa vijimea vyeupe kama uzi. Nauanika mpaka ukauke kau, napikicha vile vijimea vitoke, napeleka mashineni. Ukiota ukungu, mwaga wote, usijitie ubahili.

Faida yake utaiona sufuriani. Pika uji mzito wa unga wa ulezi wa kawaida, ule ambao mwiko unasimama. Uepue, upoe kidogo, utie kijiko cha kimea, koroga. Baada ya dakika chache unalegea mbele ya macho yako, maana kimea kina kimeng'enya kinachovunja wanga. Kisha uurudishe motoni uchemke tena. Unakunywa uji mwepesi, lakini unga uliomo kikombeni ni mwingi kuliko uji wa kawaida. Wataalamu wa lishe hapa nchini wamekiandika kimea tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wadogo, na kwangu mimi mpanda mlima naye ni mtoto mdogo: hamu ya kula hana, na nguvu anazitaka. Ila usikikaange kimea. Ukikikaanga kimeng'enya kinakufa, unabaki na unga kama unga mwingine. Karanga ndizo za kukaanga, uzisage na kuzichanganya humo.

Karanga sizibishanii. Gramu 100 zake zina karibu kilokalori 570. Tende za uzito huo huo hazifiki 300. Ndiyo maana kashata za karanga hukaa mfuko wa pembeni, pa kuchukulia bila kusimama, na tende zinangoja jioni.

Dagaa nao wana elimu yao. Mama ninayenunua kwake soko la Mgandini nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaniuliza, "Wa mchuzi au wa safari, mwanangu?" Nikasema wa safari. Akanichagulia wadogo, wakavu wa kuvunjika, akanionya nichambue vichwa vyote, maana mchanga hukaa humo. Nikifika nyumbani nawakaanga kwa mafuta kidogo mpaka walie wakitikiswa, nawakamulia ndimu, nawarudisha motoni wakauke tena. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho watalainika siku ya pili.

Si kila cha asili ni cha safari. Safari yangu ya pili shangazi alinipikia vitumbua 20 vya nazi. Mpaka Mombo vilikuwa vitamu, abiria wa jirani yangu shahidi. Kesho yake vilikuwa vimechacha vyote. Niliporudi nikamweleza, akanishangaa. "Baba, kitumbua ni cha asubuhi ile ile. Ungesema unalala njiani siku tatu ningekufanyia visheti." Sikuwa nimesema. Na bada, ugali wa muhogo, asije mtu akanisuta, nimelelewa nayo, lakini inataka moto wa maana na mikono miwili ya kusongea, si kijiko cha plastiki juu ya jiko dogo linalopepesuka kwa upepo.

Mboga usibebe kabisa. Kupeleka karoti Lushoto ni kupeleka chumvi baharini. Utazikuta Lukozi, mbichi, zina udongo bado.

Kimoja sijakipatia dawa mpaka leo: ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Kipande kidogo tu kinatosha kukoleza sufuria nzima ya wali, na hakiozi. Lakini harufu! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo nimejaribu magazeti, nimejaribu kitambaa, nimejaribu kopo ndani ya kopo. Mara ya mwisho tulipolala Rangwi mabegi yalikuwa sita ukutani, na paka wa pale akaja moja kwa moja kwenye langu.