Dua Haishindani na Methadoni

Katika familia nyingi za pwani yetu, kijana anapogundulika kuwa anatumia unga, yaani heroini, mtu wa kwanza kuombwa msaada ni shehe au mchungaji, na daktari hufikiriwa baadaye sana, pengine baada ya vyombo vya ndani kuuzwa na ndugu kukata tamaa. Silaumu utaratibu huo, kwa sababu mlango wa msikiti au wa kanisa ndio ulio karibu na hauna ada. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni mafundisho, yanayotolewa na baadhi ya viongozi wa dini, kwamba mwenye imani ya kweli hahitaji dawa, na kwamba anayekunywa methadoni, dawa ya hospitalini ya kutibu uraibu wa heroini, amebadilisha tu aina ya ulevi.

Mafundisho hayo yanaua. Aliyekaa wiki kadhaa kwenye kambi ya maombi akiombewa bila kugusa heroini, mwili wake huwa umeshapoteza uzoefu wa kuihimili. Akiteleza baada ya kutoka na kutumia kipimo kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika pale pale. Kwa mlevi wa pombe wa miaka mingi hatari huja mapema zaidi, kwani kuacha ghafla, tena kwa kufungishwa chakula na maji, kunaweza kumletea degedege na kuweweseka kunakoweza kuishia kwenye kifo. Mtu wa namna hiyo anahitaji kitanda cha hospitali kwanza, na wanaomwombea wanaweza kukaa pembeni ya kitanda hicho.

Methadoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha huduma ikafika Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, bila kumpa ule ulevi wa unga, hivyo anapata akili tulivu ya kufanya kazi, kula na watoto wake na, kama ni mtu wa ibada, kuswali kwa utulivu. Sijui ni vipi jambo hilo lihesabiwe kuwa upungufu wa imani, ilhali Mtume Muhammad amepokewa akiwaamrisha watu wajitibu kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake kilichomo kwenye Biblia ya Kikatoliki, anamwagiza mgonjwa amwombe Mungu na kisha ampe tabibu nafasi yake.

Hata hivyo, dawa ina mpaka wake, na hapa ndipo ninapoona kazi kubwa ya imani. Methadoni haimfundishi mtu namna ya kumkabili mama yake baada ya kumwibia. Haijazi saa za jioni ambazo zamani zilikuwa za kijiweni, wala haimwondolei aibu ya kupita mtaani na kuitwa teja wakati ameshaacha. Nyumba nyingi za upataji nafuu, Zanzibar zikiwemo, hufuata hatua 12 zilizotokana na chama cha walevi wa pombe kilichoanzishwa Akron, Marekani, mwaka 1935, na ingawa hatua hizo zilizaliwa katika mazingira ya Kikristo, Mwislamu hazioni ngeni. Hatua ya nane na ya tisa humtaka mtu aorodheshe aliowadhuru na kuwafidia pale inapowezekana. Masharti ya toba katika Uislamu nayo yanadai kwamba haki ya mja irudishwe au mwenyewe aombwe radhi, maana kujuta peke yake hakutoshi. Mtu anayejua kuwa kosa lake linasameheka, na kwamba msamaha huo una kazi ya kufanywa kwa mikono na miguu, ana sababu ya kuamka kesho akiwa mzima. Nguvu hiyo haipatikani kwenye kikombe cha dawa, nami naiamini kabisa.

Vivyo hivyo kwa swala tano: siku inagawanyika, na kila kipande kina mahali pa kwenda na watu wa kukutana nao, mradi watu hao wampokee safuni bila kukumbatia viatu vyao.

Kwa hiyo naomba jambo moja mahususi. Kabla ya Ramadhani kuingia, maimamu wa maeneo yenye kliniki za methadoni waende wakazungumze na wahudumu kuhusu saa za kunywa dawa, kwani dozi moja hukaa mwilini takribani siku nzima, na kwa wagonjwa wengi daktari anaweza kuisogeza polepole hadi baada ya futari iwapo kliniki itakuwa wazi wakati huo. Makubaliano hayo yakitangazwa kwenye hotuba ya Ijumaa, mgonjwa hatalazimika kuchagua kati ya saumu na kikombe chake, na waumini wote watakuwa wamesikia kutoka mimbarini kwamba methadoni ni dawa.