Mchicha wa jirani na betri chakavu

Nimesoma habari ya mboga kudumaa kwenye udongo wenye metali za sumu, yaani risasi na kadimiamu, nayo imenigusa sana. Nalima mchicha na matembele huku Mikindani, Mtwara, na tuta langu la mwisho limepakana na mahali fundi alipokuwa akivunja betri za magari, zenye risasi ndani. Mchicha wa pale huota vizuri tu, ukifika kimo cha kiganja unasimama. Majani yanapauka manjano, na ukiung'oa unakuta mizizi mifupi ya kahawia. Nimeacha kuuchuma kabisa, na wanangu nimewakataza kucheza pale.

Ila kuna jambo mwandishi hakuligusa. Kadimiamu hupanda kwenye majani kirahisi zaidi udongo ukiwa na tindikali. Sisi wa Mtwara tunapuliza salfa kwenye mikorosho kila msimu kuzuia ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga, na salfa inayodondoka chini huongeza tindikali hiyo hiyo. Wangapi wanapanda mboga chini ya mikorosho!

Chokaa ya kilimo na samadi hupunguza kiasi ambacho mmea unanyonya, ingawa metali yenyewe inabaki ardhini. Risasi nyingi huishia mizizini au kwenye vumbi lililoshika jani, kwa hiyo osheni vizuri. Kadimiamu iko ndani ya jani. Maji hayaitoi, na mchicha uliostawi vilevile unaweza kuwa nayo.

Maafisa ugani, tunaomba mtupimie udongo wa bustani za mjini kabla ya mvua za Desemba, tupande tukijua.