Ramani ya hewa ukaa ina ukweli, ila si wa kila kijiji

Ramani ya hewa ukaa iliyochorwa kwa data za setilaiti ikisambaa, hakosi wa kuuliza: mbona Afrika nayo nyekundu, rangi ya hewa ukaa nyingi, na viwanda viko kwa wenzetu? Swali ni la haki, ila aangalie kwanza kipimo cha rangi. Mara nyingi bluu na nyekundu hupishana kwa chembe chache tu katika kila milioni, ilhali wastani wa dunia umeshapita 420. Mchoraji akipanua kipimo hicho, wekundu unafifia na hewa iko vilevile. Halafu kuna upepo: hewa iliyo juu ya Ukerewe leo huenda imetoka mbali kabisa.

Wanaozitetea ramani hizi wana hoja nzito. Setilaiti ya OCO-2, iliyorushwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 2014, haisubiri takwimu za serikali yoyote. Inasoma mwanga wa jua unaoakisiwa na dunia na kukadiria kiasi kilichofyonzwa na hewa ukaa njiani. Mwaka 2019 watafiti waliotumia data zake na za setilaiti ya GOSAT ya Japani walieleza kuwa ardhi ya Afrika ya tropiki inatoa kaboni nyingi kuliko inayofyonza. Kwa vituo vichache vya ardhini tulivyonavyo barani, nani angeliona hilo?

Lakini njoo huku Ziwa Victoria. OCO-2 hupita kama saa saba na nusu mchana, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya juu ya vilima vya Mwanza, na wingu likitanda haioni kitu. Inasoma ukanda wa kilomita 10 hivi, kisha hurudia njia ileile baada ya siku 16. Maji kwake ni meusi, hayarudishi mwanga wa kutosha. Ziwani hulenga pale tu mng'ao wa jua unapoakisiwa na maji. Moshi wa nyasi zinazochomwa kiangazi nao unavuruga vipimo. Majiko ya mkaa ya Kirumba jioni? Hayamo kabisa.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka ramani hii iamue malipo ya biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa au kupunguzwa, ambayo Tanzania iliiwekea kanuni mwaka 2022. Haiwezi kusema msitu wa kijiji kimoja Sengerema umefyonza kiasi gani. Hilo linataka mtu aingie msituni na futikamba, apime mashina. Fedha ikipatikana, mimi ningeanza na kituo cha kupima hewa Kanda ya Ziwa. Ni ghali, sawa, lakini hata setilaiti yenyewe husahihishwa kwa vipimo vya ardhini.