Mwandishi Aliyekufa Mara Tatu

Jamani hizi koo zinazorithishana majina zitatuua. Kwenye kundi letu la wasomaji mi na jamaa yangu mmoja tulipewa kazi ya kuandaa miaka ya maisha ya Henry James, yule mwandishi wa Marekani, na kaka yake William, profesa wa falsafa na saikolojia pale Harvard. Ukiitazama ni kazi nyepesi, William kazaliwa 1842, Henry 1843, wote New York, mmoja kabaki kwao mwingine kahamia Uingereza, basi.

Sa shida ni ukoo. Baba yake Henry anaitwa Henry. Mtoto wa William anaitwa Henry. Babu yao ni William, na huyo William profesa ana mtoto mwingine, naye William! Kwenye jedwali nikawatenganisha vizuri tu, Henry Baba, Henry Mwandishi, Henry Mjukuu, kila mtu na kiti chake. Jamaa yangu, mtu wa usafi kupita kiasi, usiku kabla ya kikao akafungua faili akaona hawa kina Henry mbona wamezidi, atakuwa mtu mmoja kaandikwa ovyo, akawaunganisha wote na kina William hivohivo, akapanga kwa miaka, akalala usingizi wa pono bila kuniambia kitu.

Kikao kikaanza mtandaoni, mi nasoma kwa kujiamini. "Henry akiwa na miaka 13 anaungua mguu akizima moto, unakatwa. 1832, William anafariki, anaacha utajiri mkubwa. 1842, William anazaliwa. 1843, Henry anazaliwa."

Kimya.

Mama mmoja mtu mzima akafungua maiki, taratibu kabisa, "Mwanangu samahani, mguu ulitangulia?"

Nikasema mama subiri tutafika, nikijua mbele kutanyooka, kumbe ndo kunazidi. "1882, Henry anafariki. Henry yuko melini anawahi kumuona Henry, anafika kashazikwa. Desemba 31, Henry anasimama kaburini kwa Henry anamsomea barua ya William." Na aisee hilo tukio ni la kweli, William alikuwa London, barua yake ya kumuaga baba ikachelewa, mwandishi akaenda kuisomea kaburini. Ni jambo la kuhuzunisha sana, ila siku ile watu walikuwa wamezima kamera wanacheka.

1916 Henry akafa tena, London. 1917 akaoa (mwandishi mwenyewe hakuwahi kuoa maisha yake yote!), 1931 akashinda tuzo ya Pulitzer, 1947 akafa, safari hii akatulia.

Nikamtafuta jamaa kwenye skrini, kimyaa, picha yake tu. Nikaanza kufafanua upya, Henry huyu, Henry yule, watu wakaelewa, nikashusha pumzi. Yule mama akarudi.

"Mwanangu hao nimewaelewa. Ila hapa 1848 anazaliwa Alice, mdogo wao wa kike, si ndiyo?"

"Ndiyo mama."

"Na hapa 1878 William anamuoa Alice."

Kabla sijamwambia kwamba ni Alice mwingine, jamaa yangu ndo akafufuka, maiki wazi, sauti ya kujiamini kabisa: "Hao nilihakiki mama, ni huyo huyo mmoja."

"Haya," mama akasema, "basi ya mguu siulizi tena."