Binadamu kazaliwa na njaa ya dini? Hilo neno njaa ndo linanipa shida

Huu mjadala ukianza tu watu wanagawanyika, wengine wanasema dini iko kwenye damu, waislamu wana neno lake kabisa, fitra, kwamba mtoto anazaliwa tayari anamwelekea Muumba, na wakristo utawasikia wakisema moyo una nafasi ambayo hakuna wa kuijaza ila Mungu. Wa upande wa pili wanajibu we acha, mtoto wa mwislamu anakuwa mwislamu na wa mhindu anakuwa mhindu, sasa hiyo ya kuzaliwa nayo iko wapi? Mi naona wote wameshika kitu cha kweli, ila wanachanganya tabia na hitaji.

Wanaosema ni ya kuzaliwa hoja zao sio nyepesi. Pale Göbekli Tepe, Uturuki, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, watu waliokuwa bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota matunda walisimamisha nguzo za mawe, nyingine zinapita mita 5, zimechongwa wanyama. Kama lilikuwa hekalu tu au watu waliishi hapohapo wataalamu bado wanabishana, lakini mtu hachongi mbweha kwenye jiwe la tani kadhaa ili ashibe. Alafu njoo kwa watoto, kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Deborah Kelemen aliwauliza kwa nini mawe mengine yana ncha, wengi wakapendelea jibu kwamba ni ili wanyama wasiyakalie. Yaani mtoto anaona kila kitu kimewekwa kwa makusudi. Na inaeleweka, zamani aliyesikia majani yanatikisika usiku akadhani ni chui akakimbia alipona hata kama ulikuwa upepo tu, aliyepuuza siku ambayo chui alikuwepo kweli huyo hakuacha wajukuu. Sisi ni wajukuu wa waoga, ndo maana tunahisi kuna mtu hata pasipo na mtu.

Hadi hapo sina ubishi. Ila njaa ina kipimo chake, usipokula unakufa. Usipoabudu je? Czech na Estonia wamejaa watu wasio na dini yoyote, wanaoana, wanalea, wanazikana kama kawaida. (Wajapani ndo wanachekesha, wengi watakwambia hawana dini, mwaka mpya ukifika wako kwenye foleni ya kuomba hekaluni.)

Kwangu ufunguo uko kwa Malinowski, mtafiti wa mila za watu, huyu aliishi visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, wakati wa vita kuu ya kwanza. Akaona kitu, wavuvi wa vijiji vya maji tulivu ya ndani, waliovua kwa njia ya uhakika isiyo na hatari, hawakuwa na uganga wowote wa uvuvi, ila wa vijiji vya bahari kuu ambako mtu anaweza asirudi, uganga ulikuwa mwingi sana. Visiwa vilevile, kazi ileile ya kuvua! Kama hitaji la kuzaliwa lingekuwa linadai kila siku, mbona kwenye maji ya ndani linanyamaza? Mfa maji haachi kutapatapa, lakini hatutapatapi tukiwa tumelala kitandani. Na sio hao tu, Christchurch, New Zealand, baada ya tetemeko la 2011, watafiti waliokuwa wanawafuatilia watu walewale kabla na baada walikuta imani imepanda kwa walioguswa na tetemeko wakati kwingine nchini humo ilikuwa inashuka.

Wa upande wa kwanza watanirushia Albania, na wana haki. 1967 serikali ya Enver Hoxha ilipiga marufuku dini zote, ikafunga misikiti na makanisa, kizazi kizima kikakua bila ibada ya wazi, na marufuku ilipolegea 1990 watu wakarudi. Ila kufungiwa ni kufungiwa, hata ngoma ikikatazwa miaka 23 siku ya kuruhusiwa watu watajaa uwanjani, na bibi alikuwa bado yupo nyumbani anakumbuka sala. Wa upande wa pili nao wanapenda kuwataja Pirahã, kabila la msitu wa Amazon, hawana Mungu muumba, hata mmisionari Daniel Everett aliyeenda kuwabadilisha aliishia kupoteza imani yeye. Wanasahau kumalizia kwamba Pirahã haohao wanaona mizimu msituni.

Kwa hiyo mi nasema tunazaliwa na masikio ya kusikia chui, hofu ndo inayaamsha, na mafundisho ndo yanampa chui jina. Sijaona ushahidi wa njaa.

Kuna mahali pamoja tu pananikwamisha. Mtu asiyeamini chochote, maisha yake salama, bima anayo, anasimama kwenye kaburi la mama yake anaanza kuongea nae kwa sauti. Hana hofu, hakuna aliyemfundisha, wala hangojei jibu. Siwezi kuiita dini, na nikisema ni masikio tu ya kusikia chui najiona nadanganya.